Mchwa wa Nyumba ya Majengo

Fundi aligonga fremu ya mlango mara moja tu, kwa mpini wa bisibisi, na mpini ukazama. Nilidhani macho yangu yananidanganya. Akauchomoa taratibu, ukatoka na pande zima la rangi ya kijani, na nyuma ya ile rangi hapakuwa na mbao. Palikuwa na udongo mwekundu, vumbi laini kama pumba za mtama, na mchwa. Mchwa weupe, wanene, wanakimbia huku na huku wakitafuta pa kujificha, utadhani sisi ndio tuliowavamia kwao.

"Yesu wangu!" Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika uani. "Hii nini tena?"

"Hii ni rangi, dada," fundi akasema. "Mlango wenu umeshikiliwa na rangi."

Aibu niliyoipata siku ile jamani acheni tu. Muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimesimama getini najigamba. Mnunuzi wetu wa kwanza alikuwa mama mmoja wa ofisini, aliyehamia Dodoma pamoja na wizara yake, na alikuja na fundi wake mwenyewe aikague nyumba kabla hajasema lolote. Jambo hilo lilinikera. Mimi nina hasira za karibu, hata wateja wangu wa vitenge pale mjini wanajua, wakiomba kupunguziwa bei wananitazama kwanza usoni. Nikamwambia yule mama, "Umemsumbua fundi wa watu bure. Nyumba hii baba yangu aliijenga kwa mninga mtupu, itatuzika wote." Sasa mninga wenyewe ulikuwa unamwagika sakafuni mbele yetu kama unga unaotoka kwenye gunia lililotoboka.

Wakaingia chumbani kwa baba. Fundi akapanda kwenye stuli, akasukuma ubao wa dari kwa kidole kimoja, ubao ukavunjika na udongo ukamwagika kichwani kwake. Akawasha tochi, akamulika juu kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba mabati, kona baada ya kona. Aliposhuka akampa bosi wake tochi ili naye apande ajionee. Yule mama hakupanda. Alinitazama kama mtu anayemtazama mwizi aliyekamatwa na kuku kwapani, kisha akasema kwa upole kabisa, "Asante dada, tutawasiliana." Aliyewahi kuuza kitu chochote anajua maana ya maneno hayo. Dalali wetu, mzee mfupi asiyeishiwa maneno, akamkimbilia mpaka kwenye gari huku akimwambia kwamba mbao ni kitu cha kubadilisha tu. Gari likaondoka.

Nilimfuata mama yangu uani. Alikuwa amekaa mkekani, amenyoosha mguu wake mbovu, anageuza majani ya mlenda aliyoyaanika. Wateja wake wa mlenda mkavu wako Majengo nzima, kuanzia sokoni mpaka mitaa ya nyuma.

"Mama, umeiona nyumba ilivyoliwa?"

"Mchwa hao," akasema bila kuinua kichwa. "Mchwa ni wa nchi hii, mwanangu. Tumewakuta."

"Lakini unalala humo ndani! Dari ingekuangukia je?"

"Haijaniangukia."

Basi nikakaa naye hapo mkekani. Nilikuwa sijui nilie kwa sababu ya mnunuzi au kwa sababu ya dari. Baba alifariki mwaka uliotangulia, tukamzika kwao Mvumi, na Mama akabaki peke yake kwenye nyumba ile ya vyumba vingi. Halafu akaanguka bafuni. Alilala pale sakafuni asubuhi nzima, mpaka mteja mmoja wa mlenda alipopiga hodi, akakosa jibu, akasukuma mlango. Tangu siku ile nilikuwa silali. Simu ikiita nje ya saa zake moyo unaruka. Tuko wawili tu, mimi na kaka yangu aliye Dar es Salaam, na tulikubaliana kwa simu kwamba Majengo iuzwe, Mama aje kukaa kwangu, mtaa wa Kisasa, hapa hapa Dodoma. Nilishamwandalia chumba, nikapaka rangi, nikanunua kitanda kifupi asichopata taabu kukipanda.

Siku tuliyomweleza, kaka alikuja mwenyewe kutoka Dar. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, Mama anachambua kunde kwenye ungo. Kaka akaongea vizuri, kwa heshima zote, akamaliza. Mama akatupa kijiwe kimoja kando, akasema, "Sawa, wanangu, kama mmeshaamua." Akaendelea kuchambua. Sisi tukafurahi. Tulikuwa tumejiandaa kwa kilio, tukapata sawa, na kwenye gari kaka alinipiga bega akasema mama yetu ni mwelewa. Kwa hiyo jambo lilikuwa moja tu: mama yangu aishi wapi. Na mimi, jibu nililokuwa nalo lilikuwa limezuiwa na vidudu visivyo hata na macho.

Sikukubali. Nikamtafuta mpiga dawa, kijana mwenye mtungi mgongoni na barakoa shingoni, akaja na mashine ya kutoboa sakafu. Alitoboa matundu kuzunguka msingi, akamimina dawa, akapuliza dari, akapuliza fremu, nyumba nzima ikanuka mpaka macho yakatuwasha. Fundi seremala akabadilisha mlango na zile mbao za dari zilizooza kabisa. Mpiga dawa alinihakikishia kwamba hapo mchwa hakanyagi tena mpaka wajukuu wangu wazeeke. Mimi nikamwamini. Nilikuwa dukani siku hiyo, Mama ndiye aliyekuwa anamwonesha vyumba.

Wanunuzi wa pili walikuwa mtu na mkewe, Warangi wa kutoka Kondoa, wafanyabiashara wa vitunguu pale pale sokoni. Watu wazuri kweli. Hawa walitaka kuishi Majengo wawe karibu na biashara yao, na nilipowaona tu nikasema moyoni, nyumba imepata watu. Walivua viatu mlangoni, wakampa Mama shikamoo yenye adabu, wakaulizana naye habari za mvua na za mtama. Mume alikuwa mtu wa kutabasamu tu. Mkaguzi alikuwa mke. Alitoa kwenye mkoba wake spoki ya baiskeli iliyonolewa ncha, akarudisha ushungi nyuma ya masikio, akasema, "Dada, usinielewe vibaya. Mimi nimezaliwa milimani kule, mchwa nawajua kuliko ninavyowajua mashemeji zangu."

"Kagua tu, dada yangu," nikasema. "Safari hii hata ukilala humo."

Akaanza kuchomachoma. Mlango mpya, kimya, spoki haikuingia. Madirisha ya sebuleni, hivyo hivyo. Mume akanitazama akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaanza kuona mwanga, nikaanza hata kufikiria Mama atakaa upande gani wa gari siku ya kuhama. Tukaingia chumbani kwa baba, kwenye lile kabati kubwa la nguo ambalo halijasogezwa tangu msiba.

"Hili tulisogeze," mke akasema.

"Nyuma ya kabati kuna nini zaidi ya vumbi?" nikacheka.

Tulilisogeza. Ukuta mzima nyuma yake, kuanzia sakafuni mpaka darini, ulikuwa na michirizi ya udongo minene kama mizizi. Mke akabonyeza mchirizi mmoja kwa kidole, kidole kikaacha alama.

"Mbichi," akasema. "Huu wamejenga leo."

"Haiwezekani!"

"Shika mwenyewe."

Nikashika. Ulikuwa na unyevu na ubaridi, kama udongo wa chungu kisichochomwa bado. Nikauvunja, wakatoka. Nywele zilinisimama. Nyumba ilipigwa dawa mpaka majirani wakakohoa, na hawa hapa, wamenenepa, wana afya kuliko mwanzo. Mgongo wa kabati la baba ulikuwa umekwisha. Nilivuta koti lake la suti lililokuwa linaning'inia humo, nikabaki na kola na bega moja.

"La haula!" mume akasema kutoka mlangoni.

Mke alifuta spoki yake kwa pindo la kanga, akaniambia kwa huruma, "Dada yangu, hawa hawajaguswa na dawa. Hawa wanakula vizuri kuliko mimi na wewe." Wakamuaga Mama vizuri, wakavaa viatu vyao, wakaenda. Mama aliwasindikiza mpaka getini na mguu wake ule mbovu, akawapa na mlenda kidogo kwenye mfuko.

Nilimpigia simu yule mpiga dawa nikamtukana pale pale barabarani, watu wanageuka. Nilimwambia amenipulizia maji. Nilimwambia za mwizi arobaini, na zake zimetimia leo. Akaapa kwa mama yake mzazi kwamba alitumia dawa halali, na kwamba kesho asubuhi atakuja aone kwa macho yake. Nikamwambia aje, na akija aje na maelezo ya kutosha, kwa sababu hatatoka kwenye geti lile hivi hivi.

Kesho yake nikachukua bajaji mapema kabla ya kufungua duka, ili nimtangulie. Sikumwambia Mama kama naenda. Geti lilikuwa limerudishiwa tu. Uani hapakuwa na mtu, mkeka umekunjwa, jiko halijawashwa. Nikamsikia anaongea Kigogo polepole, kama anavyoongea na kuku wake, na sauti ilitokea kwenye stoo, kile chumba kidogo kinachopakana na chumba cha baba. Nikaenda kwa miguu ya kawaida tu, sinyati, ila nilikuwa nimevaa raba. Hakunisikia.

Mama alikuwa ameinama ukutani. Mguu mbovu ameunyoosha pembeni, mkono mmoja ameshika ukuta, na mkono wa pili anainua chungu kilichopasuka mdomo, kilichokuwa kimefunikwa sakafuni, mdomo chini. Alikipindua. Ndani kulikuwa na samadi, magunzi ya mahindi na mabua ya mtama, vyote vimelowana, na vyote vinatembea. Sijawahi kuona mchwa wengi namna ile mahali pamoja. Akakung'utia vifaranga wake nusu, wakapigana kuwala. Nusu nyingine hakuitoa. Aliongeza magunzi mapya kutoka kwenye kanga aliyojifunga kiunoni, akanyunyiza maji kwa kikombe cha bati, akakirudisha chungu juu ya tundu lake kwa uangalifu, kama unavyofunika ugali wa mtu atakayechelewa.

Halafu akaanza kazi nyingine. Alikuwa na maboksi ya karatasi ameyachana vipande virefu na kuyalowesha. Akavipanga sakafuni kimoja baada ya kingine, kutoka kwenye chungu mpaka chini ya ukuta, pale ambapo nguzo ya mbao inapanda kwenda kwenye kenchi. Kipande cha mwisho alikichomeka kwenye ufa, akakisukuma kwa kidole. Alikuwa anawaonesha njia.

Nilipigwa na butwaa. Mtego ule niliujua vizuri, kila mtoto aliyelelewa Mvumi kwa bibi anaujua. Jioni unatumwa na chungu kibovu, unakijaza samadi na magunzi, unakilowesha, unakifunika juu ya tundu la mchwa, na asubuhi unakwenda kuvuna chakula cha vifaranga. Lakini sheria yake ya kwanza ni kwamba mtego unakaa shambani, mbali kabisa na boma. Niliwahi kuuweka nyuma ya ghala kwa uvivu wa kutembea, na aliyenichapa fimbo za miguu siku hiyo alikuwa Mama huyu huyu.

"Mama!"

Aligeuka. Hakushtuka kama nilivyotegemea. Alijifuta mikono kwenye kanga.

"Umekuja mapema," akasema. "Hujaniamkia hata."

"Shikamoo. Mama, unafanya nini?"

"Marahaba. Nalisha vifaranga."

"Ndani ya nyumba? Ukutani kwa baba?"

"Vifaranga hawajui ukuta wa nani."

"Na stoo haikupigwa dawa?"

"Nilimkataza yule kijana. Nilimwambia hapa wanalala vifaranga, watakufa."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya mlenda. Nikahisi damu inanipanda mpaka masikioni. Nilisema maneno mengi, na mengine sikumbuki, lakini nakumbuka kwamba nilimwambia ametudhalilisha, nikamwambia tunahangaika usiku na mchana kwa ajili yake, nikamwuliza kama anataka tumfukue chini ya mabati. Nikakipiga chungu teke. Kilivunjika vipande, mchwa wakatapakaa mpaka juu ya raba zangu, na vifaranga wakaingia katikati ya miguu yangu kwa furaha.

Wakati huo huo tukasikia hodi. Mpiga dawa amefika, na kopo la dawa mkononi kama ushahidi. Alichungulia, akatazama vigae, akatazama samadi, akamtazama Mama, kisha mimi. Matusi niliyompangia tangu jana nikayameza.

"Nisamehe, mdogo wangu," nikamwambia. "Dawa yako haina kosa."

"Pole, dada," akasema, akarudi zake alikotoka.

Nilitoka mpaka nje ya geti, nikasimama kwenye kivuli cha ukuta wa jirani, nikampigia kaka. Nilikuwa nalia. "Mama amechanganyikiwa," nikamwambia. "Anafuga mchwa ndani ya nyumba. Nimemwona kwa macho yangu." Mwanzoni kaka alicheka, akidhani namtania. Nilipomweleza yote akaacha kucheka. Akasema ni umri, ni msiba, wengi wanakuwa hivyo baada ya kufiwa, mpeleke hospitali wampime kichwa. Akasema tena kwamba kama hali ndiyo hiyo basi tuharakishe, kuna mtu anamfahamu ananunua haraka na hana maswali mengi. Nikasema sawa. Hata sikufikiri. Niliona kabisa kwamba mama yangu ameniponyoka akilini, na kwamba kila siku anayolala pale ni hatari mpya aliyojitengenezea mwenyewe.

Haikupita wiki, mtu wa kaka akaja. Kijana mnene kidogo, miwani ya jua, gari lake limejaa kichochoro chote mpaka muuza mkaa akashindwa kupita. Alishuka akasema kwa sauti kubwa, "Mbukwenyi, bibi!" kwa lafudhi ya mtu aliyejifunza salamu ya Kigogo njiani. Mama akaitikia "Mbukwa," akaenda ndani kumtafutia soda, maana mgeni ni mgeni.

Mimi nilikuwa nimeshaamua kusema kweli. Nimeaibika mara mbili, ya tatu sikuitaka. Nikamwambia, "Ndugu yangu, kabla hatujafika mbali, nyumba hii ina mchwa. Wameila vibaya. Ingia ukague kila chumba, ukitaka lete na fundi, nitasubiri." Dalali alinikanyaga mguu. Nikamkanyaga na wake.

Yule kijana hakuingia. Alikuwa anavuta futi kamba kutoka kwenye kona ya geti kwenda kwenye ukuta wa choo, na dereva wake ameshika ncha nyingine. Alicheka mpaka miwani ikateremka.

"Waache mchwa wale tu, dada. Wananipunguzia kazi. Mimi nabomoa."

Mama alikuwa ametokea mlangoni na sinia. Alisimama.

"Unabomoa nini, mwanangu?"

"Nyumba, bibi. Yote hii. Mimi nataka kiwanja tu, karibu na soko hivi napiga fremu za maduka huku mbele, na huko nyuma vyumba vya kulala wageni."

Mama akaiweka sinia juu ya stuli polepole. Nilimwangalia usoni, na uso ule nilikuwa naujua, kwa sababu ndio niliokuwa nao mimi siku mpini wa bisibisi ulipozama kwenye mlango. Nilimwona anapiga hesabu za asubuhi zote zile alizoinama na mguu unamuuma, samadi aliyoagiza Mvumi kwenye kiroba, maboksi aliyookota sokoni akayachana na kuyalowesha. Hapo ndipo akili yangu ilipofunguka. Mtu aliyechanganyikiwa hapangi kazi namna ile. Aliwaona wanunuzi wawili wakiingia na wawili wakakimbia, na alikuwa anashinda, na ameshinda mpaka amekutana na mtu asiyejali.

"Kwa hiyo," Mama akauliza, "hata ikianguka yenyewe, utanunua?"

"Ikianguka ndiyo vizuri zaidi, bibi!"

Mama akavuta kigoda, akakaa katikati ya mlango, akaujaza. Akamtazama yule kijana, si mimi.

"Hawa watoto wanakuuzia kisicho chao," akasema. "Mwenye nyumba ni mimi, na sijafa."

"Bibi ana utani huyu," dalali akasema upesi.

"Sina utani na wewe."

Kijana akavua miwani akanigeukia. Dalali akanigeukia. Hata dereva na futi kamba yake akanigeukia. Nilimfikiria kaka, nikafikiria chumba kilichopakwa rangi Kisasa, nikafikiria bafu lile la Majengo na sakafu yake inayoteleza. Nilikuwa na sababu zangu zote, na zote zilikuwa za kweli, nami nikasikia mdomo wangu unasema, "Umemsikia. Haiuzwi."

Nisiwachoshe na maneno yaliyofuata. Kijana aliondoka anapiga honi kichochoro kizima. Dalali aliniambia mimi ni mtu mzima hovyo, na kaka kwenye simu aliniambia maneno hayo hayo kwa urefu zaidi, akakata. Mama alikuwa bado amekaa mlangoni. Soda za wageni zilikuwa zimepata joto. Nikafungua moja, nikakaa chini karibu na miguu yake, na hasira ikanirudia kidogo, kwa sababu nilitaka kuelewa.

"Mama, kwa nini hukusema hapana? Siku ile ya kunde, ungesema tu hapana. Mimi ni mwanao. Ungesema, yakaisha."

Akaelekeza kidevu upande wa msikitini. "Unamkumbuka yule mama aliyekuwa anakaa pale palipojengwa ghorofa mpya?"

Nilimkumbuka. Alikuwa rafiki yake, wakisukana.

"Yeye alisema hapana. Wanawe wakasema kichwa chake kimeharibika. Wakamwita daktari, wakamwita mchungaji, wakamchukua na gari. Tulimwona tena siku ya kumzika."

Nikakosa pa kuangalia. Hapana, sikumwambia kwamba nilishampigia kaka kutoka nje ya geti, wala nilichosema.

"Sasa ungelala humo mpaka lini?" nikamwuliza. "Hukuogopa?"

"Niliogopa. Dari ilikuwa inalia, nasikia." Alinyoosha mguu wake mbovu, akalisugua goti. "Lakini mchwa nimekua nao, najua wanachotaka. Niliokuwa nawaogopa sana ni ninyi."

Alisema bila ukali, akachukua soda yangu akanywa. Mimi nilibaki nimekaa pale chini. Mama yangu mzazi, aliyenizaa, alikuwa ananiogopa mimi.